Kikombe Alichofunika Zuleha

Bagamoyo, Jumapili, tarehe 9 Mfunguo Nne, 1375

Kwa mdogo wangu Mwinshehe bin Mwinyimvua, Pangani.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, nakuuliza hali yako, na hali ya mkeo na wanao, na kile kifua chako kinachokubana kila mvua ikikaribia. Sisi huku wazima. Mimi goti la kushoto tu ndilo linaloniasi, lakini nalo linajua nani bwana wake: jana nimekwenda nalo Kaole na kurudi, bila mkongojo. Shikamoo uliyoiandika juu ya barua yako nimeiona, marahaba. Ila Mwinshehe, mtu hamwamkii kaka yake mstari wa kwanza akamtukana mstari wa tatu. Marehemu baba angekuwa hai ungekula bakora, na mvi zako hizo hizo.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, kwa herufi zile tulizofundishwa chuoni kwa fimbo. Nimeianza leo asubuhi. Mkono wangu umezoea koleo, kalamu unaiona kama mwiba, basi usiucheke mwandiko. Makarani wapo wamejaa sokoni, lakini yaliyomo humu sikutaka yapite mkononi mwa karani.

Umeniandikia kwamba mwanangu Mwanajuma hakufa kifo cha Mungu, ameuawa. Ukaandika kwamba aliyemuua ni Zuleha, mke mwenziwe. Ukaandika kwamba siku ya arobaini, tarehe 22 mwezi huu, utakuja na maalimu wako na ubani wako, msome Halbadiri nyumbani kwangu, ili kila mwenye mkono katika kifo kile asiuone mwaka mwingine. Na kwamba mkwe wangu Alawi amekwisha kubali: kisomo kikianza Zuleha akalishwe katikati ashike msahafu, na kikiisha apewe talaka yake, na mjukuu wangu Zaina atolewe mikononi mwake aletwe kwako Pangani. Yote hayo umeyapanga bila kuniuliza, kama mtu anayepanga sahani kabatini mwake. Nyumba hii ya nani? Maiti alikuwa wa nani?

Najua nani kakupelekea habari. Ni Ashatu, jirani yangu, aliyekuwa akinipikia siku za ugonjwa. Ashatu ni mwanamke ambaye nyota ikidondoka atakuapia kwamba kamwona aliyeisukuma. Wewe mtu mzima unamsikiliza Ashatu, unaniacha mimi Mosi! Mimi niliyechoma chokaa miaka arobaini na mbili. Baraza nusu ya mji huu zimepigwa lipu ya chokaa yangu. Pale Saadani kuna kisima nimekijengea tangu wakati wa vita vya kwanza, mpaka leo hakijatoa ufa. Mtu anayeweza kuutazama moshi akajua jiwe la ndani limeiva au bichi, huyo hawezi kujua kilichomwua mwanawe?

Basi nisikilize, nikueleze tangu mwanzo.

Ulikuwa mwezi wa Rajabu. Mwanajuma alianza kutoka madoa mwilini, meusi na ya zambarau, mapajani na mikononi, mithili ya mtu aliyepigwa. Nami nikasema kapigwa. Nikachukua bakora nikaenda kwa Alawi. Alawi yule unamjua, mshona kofia, sauti yake nyembamba kama sindano yake. Akaapa kwa Mungu kwamba hajamgusa. Nikainua bakora. Zuleha akatoka jikoni na mwiko mkononi akasimama kati yetu. Akaniambia kwamba nikitaka kumpiga mume wao yeye hana neno la kunizuia, lakini nisubiri kwanza aende sokoni, maana hajaleta samaki, nao wake wawili hawawezi kula bakora. Mwanajuma alicheka mpaka akashika mbavu. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi, Mwinshehe, watu unaosema waliwekeana sumu. Walikuwa wakisukana nywele. Zaina mpaka leo hajui kwamba ana mama mmoja tu wa kumzaa. Wote wawili aliwaita mama.

Baada ya madoa, ufizi ukaanza kutoka damu. Kisha homa, kisha mifupa ikimuuma hata shuka ikawa nzito kwake. Upande wa kushoto bandama likavimba. Nikampa kwinini, nikampa mizizi, nikaandikiwa kombe akanywa siku saba. Haikufaa. Mwezi wa Shaabani nikapanda naye lori la samaki mpaka hospitali kubwa Dar es Salaam. Alawi akafuata nyuma na Zuleha, wamebeba mkeka na sufuria.

Huko ndiko nilikomkuta Mbaruku, msaidizi wa daktari, mwana wa hapo hapo kwenu Pangani, mjukuu wa yule mshona matanga. Kijana mwenye adabu. Daktari Mzungu aliongea, Mbaruku akatufasiria. Walimtoa Mwanajuma damu kidogo, wakaipaka kwenye kioo, nami nikaambiwa nitazame kwa darubini. Nimetazama, kwa jicho langu hili, wala si kila mtu wa Bagamoyo ameiona damu ya mwanawe namna hiyo. Mbaruku akaniambia kwamba damu ina wekundu na weupe. Wekundu ndio wachukuzi wa hewa. Weupe ni askari, huzaliwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, hukua, hufanya kazi yao wakafa. Katika damu ya Mwanajuma weupe walikuwa wamezidi kupita kiasi, tena hawakuwa askari: walikuwa wakubwa, rangi imepwaya, hawana umbo, wanazaliwa wabichi na kuzaa wengine kabla hawajakomaa. Wamejaa ndani ya mifupa mpaka wekundu hawana pa kuzaliwa. Ndiyo maana alikuwa mweupe viganjani, na ndiyo maana damu haikuganda, ikavuja chini ya ngozi ikawa yale madoa niliyomtolea Alawi bakora.

Nikamuuliza chanzo chake nini. Akasema hakuna akijuaye hasa, hata Ulaya. Lakini akanieleza jambo moja, nami nalieleza kwako kama nilivyolielewa, na nililielewa vizuri. Kila kipande cha mwili kinakula sukari, na kikiwa kizima huiunguza kwa hewa tunayovuta. Sukari kidogo, nguvu nyingi. Hawa wabichi hawafanyi hivyo. Wanabugia sukari kwa wingi, hewa ipo lakini hawaitumii ipasavyo, wanaichachua tu kama tembo la mnazi linavyochachuka kibuyuni, wanabaki na uchachu. Kinachosalia wanakifanya matofali ya kujengea wenzao, wakazidi kuwa wengi. Mabingwa wa Ulaya wameliona hilo katika maradhi ya namna hii miaka thelathini sasa, na wangali wanabishana: wengine wanasema kule kula kubaya ndiko kunakoleta ugonjwa, wengine wanasema ni ugonjwa unaoleta kula kubaya, na wengine kwamba kimoja kinamsukuma mwenziwe.

Mwinshehe, yeye alipokuwa akisema, mimi nilikuwa nikiona tanuu.

Wewe uliikimbia kazi ya baba ukaenda kuuza nguo, basi nikukumbushe. Tanuu la chokaa unapanga magogo duara, juu yake matumbawe, katikati unaacha tundu la kuwashia ili moto uvute hewa kutoka chini. Likipumua vizuri, gogo moja linaivisha mawe pakacha zima, na moshi wake hauonekani. Lakini tundu likiziba, au kuni zikiwa mbichi, unapata moto mlafi. Baba ndiye aliyeuita hivyo. Moto mlafi unakula kuni usiku na mchana, unatoa moshi mweusi, na ukifukua unakuta jiwe bichi vile vile. Mjinga huongeza kuni. Fundi huzitoa. Anauacha ule moto na njaa mpaka ufe, ndipo aanze upya. Mara tatu nimeokoa tanuu kwa njia hiyo, na moja lilikuwa la msikiti.

Basi nikasema moyoni: hawa Wazungu wana darubini, lakini hawajapata kuchoma chokaa. Ugonjwa huu ni moto mlafi. Dawa yake ni kutoa kuni.

Walimtia Mwanajuma damu yangu, chupa mbili. Mbaruku aliitazama chupa akatikisa kichwa; niliona kwamba hajapata kuona damu ya mzee iliyo nyekundu namna ile. Mwanajuma akapata rangi, akakaa, akamtania Zuleha kwamba sasa ana damu ya Mzee Mosi atakuwa mbishi. Tulikaa huko Ramadhani yote. Mbaruku hakutuficha. Alisema dawa zipo zinajaribiwa nchi za mbali, nazo hurefusha miezi tu. Hapa kinachowezekana ni damu na kupunguza maumivu. Mfunguo Mosi tukarudi, akakaa kwangu, chumba cha mbele.

Tangu siku hiyo sukari haikuingia nyumbani kwangu. Nyumba nzima ilijua kwamba daktari kakataza. Nikatoa sukari, tende, asali, muwa, madafu, ndizi mbivu, hata papai. Wali kidogo, samaki wa chumvi, mboga. Uji wa chumvi. Chai kavu. Ashatu akanung'unika kwamba mgonjwa hapikiwi kama mfungwa, nikamwambia akapike kwake. Alawi alikuja na halua kipande kidogo kwenye jani, nikaitupa uani mbele yake. Wiki saba, Mwinshehe. Kila asubuhi nikimtazama viganja kama ninavyotazama moshi, nikijiambia kesho utapungua.

Siku ya Idi Kubwa aliniomba kaimati moja. Sauti ilikuwa imekwisha, alisema kwa midomo. Nikamwambia sumu hiyo, daktari kakataza.  Nikamshika mkono nimpe Idi njema, akauvuta mkono wangu karibu na uso, akavinusa vidole. Akatabasamu. Akasema, Baba, vidole vyako vinanukia shira.

Nilikuwa nimekula kaimati sita barazani kwa watu, baada ya swala. Nilinawa, lakini shira, ile sukari nzito ya kaimati, haitoki upesi.  Siku ya pili baada ya Idi akafa, alfajiri, Mungu amrehemu.

Sasa nije kwenye kikombe, maana ndicho ulichokiandikia kurasa mbili. Ashatu amekwambia kwamba kila asubuhi, mimi nikiwa msikitini, Zuleha aliingia chumbani na kikombe cha bati amekifunika chini ya kanga. Kwamba Mwanajuma alikinywa, akapanguswa mdomo. Kwamba Zuleha alikiosha mwenyewe kwa majivu asiachie mtu mwingine, akaondoka upesi. Yote hayo ni kweli. Ashatu kwa mara moja maishani mwake hakuongeza kitu. Nawe ukauliza: kama hakikuwa na sumu, alikuwa anaficha nini? Na kwa nini akiulizwa anainamisha kichwa, hajitetei?

Mimi najua. Nimejua tangu siku ya nne ya msiba, baada ya matanga kuanuliwa. Zuleha alinijia uani, akapiga magoti kwenye mchanga. Akaniambia, Baba, mimi ndiye niliyemuua mwenzangu. Akanieleza kwamba kikombe kile kilikuwa na uji wa sukari. Mwanajuma alikuwa akimlilia, naye moyo haukumkatalia. Alikuwa akimpikia kwake, mwepesi, sukari vijiko vinne, wiki zile zote saba. Akasema alijua kwamba daktari kakataza, alijua anawalisha wale wabaya walio katika damu, lakini alishindwa kumtazama mwenziwe akinywa uji wa chumvi. Akaniomba radhi yangu. 

Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, nenda zako nyumbani. Basi. Hivyo tu.

Hapa kalamu nimeiweka chini, nimekwenda nimeswali magharibi, nimerudi.

Mwinshehe, daktari hakukataza. Hajapata kukataza. Siku tunatoka hospitalini Mbaruku alitufuata mpaka mlangoni, Alawi alikuwa mbele na mizigo, akaniambia mimi peke yangu: Mzee, mpeni kila anachokitamani, kitamu kabisa, maana hamu ya kula itamtoka. Nikamwambia wazo langu la moto mlafi. Hakunicheka. Akanijibu kwamba mwili si tanuu: ukiunyima sukari unayeyusha nyama yake wenyewe uitengeneze, na wale wabaya watakuwa wa kwanza kuipokea, atakayelala njaa ni mgonjwa, si ugonjwa. Alilirudia neno hilo mara mbili. Nilimsikia mara zote mbili, masikio yangu hayana kasoro. Nikasema moyoni, wewe kijana, babu yako alikuwa anashona matanga, utanifundisha moto?

Na nilipofika nyumbani nikaogopa kwamba nikisema neno ni langu, Alawi atabisha na wanawake watabisha. Nikalitia jina la daktari. Uongo huo ni wangu, wala sikusukumwa na mtu.

Sikumuua mwanangu. Hilo nalishika na sitaliachia, na akija mtu kuniambia nimemuua nitamtafutia bakora. Mbaruku alipokuja kwenye hitima ya siku ya saba alisema asingefika mwaka, kwa sukari wala bila sukari. Sikumuua, lakini nilimnyima. Nyama zile alizopungua zilikuwa zake, na mimi ndiye niliyemlazimisha azile. Kitamu pekee kilichompita kooni wiki saba kilipikwa na yule unayetaka kumsomea Halbadiri. Naye anaondoka duniani kidogo kidogo akiamini ndiye aliyemmaliza mwenziwe. Amehamia Kaole kwa mama yake, yeye na Zaina. Hali chakula. Watu wanaona kichwa kimeinama wanasema, tazameni mchawi.

Jana ndiko nilikokwenda, ule mwendo niliojisifia juu ya barua hii. Nilikwenda kumwambia. Nilipofika alinitandikia mkeka, akaniletea maji, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimekuja kumsamehe. Mwinshehe, mimi ambaye nimewahi kumjibu Bwana Shauri wa serikali mbele ya watu, nilimkwepa. Nikasema nimekuja kumwona mtoto. Nikamshika Zaina kichwa, nikanywa maji, nikarudi.

Kwa hiyo naandika. Mdomo wangu umenishinda, lakini barua ikishatoka Bagamoyo hairudi. Kesho asubuhi naikabidhi kwa dereva wa basi la Pangani mbele ya Alawi, na nitamwambia Alawi yaliyomo kabla basi halijaondoka, maana baada ya hapo sina pa kujificha. Kisha goti litake lisitake, Kaole tena. Nawe ukiipata, iite jamaa yote uliyoichochea, uisome kwa sauti, usiruke mstari, hata ule wa kaimati.

Na Halbadiri yako nayo uifikirie. Wewe unasema isomwe kwa kila mwenye mkono katika kifo kile. Halbadiri haina darubini, ndugu yangu, haitaangalia damu. Itamtafuta mwenye mkono. Ukiisoma, jua unamsomea nani. Mimi sitakimbia. Nitavaa kanzu yangu ya Idi, nitakaa pale katikati ulipotaka kumkalisha Zuleha, na msahafu nitaushika mimi. Talaka haitatolewa, na mtoto hatatoka kwa mama yake. Hayo mawili siyo ya kujadiliana nawe.

Lakini kama ungali mdogo wangu, acha ubani Pangani. Njoo na sukari, gunia zima, wewe una duka usinilie shida. Arobaini ya Mwanajuma watu watakunywa uji, na nitamwomba Zuleha aupike, akikubali. Vijiko vinne kila kikombe. Cha kwanza nitakinywa mimi mbele ya watu, nione alichokuwa anakinywa.

Nisalimie shemeji na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Maalimu wako mwambie namsalimu na safari yake imevunjika. Zaina anakuamkia. Ashatu anakusalimu pia, hajui nimeandika nini, amepita dirishani mara nne.

Wasalaam,

mimi kaka yako,
Mosi bin Mwinyimvua,
fundi wa tanuu, Bagamoyo.